Rada na Dawati

Ngome Kongwe ya Bagamoyo iliwahi kuwa ya Wajerumani, kisha jela ya Waingereza. Wote wameondoka, kuta zimebaki. Nikizitazama nakumbuka rada. Serikali yetu iliamua kununua rada yenye mitambo ya kijeshi kwa pauni milioni 28, ingawa Benki ya Dunia iliiona ghali mno. Baada ya kesi ya London mwaka 2010, BAE Systems iliwalipa Watanzania pauni milioni 29.5, zikawa vitabu na madawati ya shule za msingi. Sipingi ulinzi, mvuvi wa Kaole naye ataka bahari salama. Ninachokosoa, ndugu msomaji, ni mtoto wetu kukaa sakafuni akingoja mahakama ya Uingereza. Uamuzi ule ulikuwa wetu, siku ya bajeti.