Maji ya Birika

Mhunzi amechuchumaa. Mkono mmoja umeshika koleo, na katika meno ya koleo kuna bapa la chuma lililopinda, jekundu kwa moto. Mkono wa pili umeshika birika, la aina ileile ya kuchemshia chai. Analiinamisha. Mkondo mwembamba wa maji unaangukia upande wa makali tu, kuanzia tumboni pa kisu, ukienda na kurudi. Mvuke unafoka. Mgongo wa kisu haujaguswa na maji. Baada ya sekunde chache anaacha kumimina, na joto lililobaki mgongoni linashuka taratibu kuelekea makali, likiyapunguzia ule ugumu wa kuvunjika kama kioo.

Hivyo ndivyo kukri ya Nepal inavyopewa tabia mbili katika chuma kimoja: makali magumu yasiyopotea upesi, na mgongo laini unaostahimili pigo. Anayetaka kuitambua kukri njema na kuipa thamani yake hana budi kujifunza kuyatafuta maji hayo, ingawa yamekauka zamani.

Kukri, au khukuri kama Wanepali wenyewe wanavyoiita, ni kisu cha nyumbani kabla hakijawa silaha. Hupasulia kuni, hufyekea kichaka, hukatia vitunguu, na siku za sikukuu ya Dashain huchinjia mbuzi na nyati wa kufugwa. Ile hadithi kwamba ikishachomolewa hairudi alani mpaka ionje damu ni porojo la wageni. Kama ingekuwa kweli, wapishi wa Nepal wote wangekuwa na makovu. Sifa ya vita ilienea baada ya Waingereza kupigana na ufalme wa Gorkha kuanzia 1814 hadi 1816, na kuanza kuwaajiri watu wa milima ile, Wagurkha, jeshini. Kwetu nako ilifika: Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, miongoni mwa askari walioshuka walikuwamo Wagurkha wa Kashmir Rifles.

Ukikabidhiwa kukri, jambo la kwanza ni kuichomoa vizuri. Shika ala kwa upande wa mgongo, vidole visivuke upande wa makali, maana kisu kikali kinaweza kupenya mshono wa ngozi kikakutokea kiganjani. Ukishaichomoa, weka ala kando. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kukri nyingi mbovu hujitembeza kwa ala yenye nakshi na vijiwe vya rangi.

Sasa itazame kutoka juu, uone mgongo. Hapa ndipo kazi ya nyundo isipoweza kudanganya. Kwenye kukri nzuri mgongo huwa mnene karibu na mpini, pengine milimita 10, kisha hupungua polepole hadi nchani, bila kigongo wala bonde la ghafla. Kuupunguza namna hiyo ni saa nyingi za kufua chuma juu ya fuawe. Kisu cha haraka hukatwa kwenye bamba lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na mkono hulijua hilo kabla ya jicho: huwa kizito pasipo na sababu. Kukri njema ukiinyanyua huhisi uzito umekwenda mbele, pale inapopinda, kana kwamba yenyewe ndiyo inayotaka kushuka. Mkono kazi yake ni kuielekeza tu.

Kisha chukua tupa ndogo, kama mwenye kisu ameridhia. Ipitishe kwa wepesi kwenye mgongo: inang'ata. Ipitishe kwenye makali, tumboni: inateleza. Mtelezo huo ndio maji ya birika. Kisu kisicho nao, hata kiwe na mpini wa pembe na pete za fedha, ni pambo la ukutani.

Karibu na mpini, upande wa makali, utaona pengo dogo lililochongwa. Waulize watu watatu maana yake, utapata majibu matatu: ni kwato ya ng'ombe mtakatifu, ni mkuki wa Shiva wenye ncha tatu, ni kizuizi cha damu isifike mkononi. Wewe tazama ukataji wake. Mhunzi aliyelichonga kwa unadhifu pengo ambalo wengi hawalitazami, huenda hakulipua mahali pengine.

Mpini huwa wa mti au wa pembe ya nyati. Kwa kawaida mkia wa kisu huingizwa ndani na kushikizwa kwa ulimbo wa asili. Kukri nyingi za karne ya 19 mkia wake haukutokeza nyuma ya mpini. Nyuma ya ala kuna visu viwili vidogo. Karda ni cha kazi ndogondogo, kama kumenya na kuchuna. Chakmak hakina makali: kazi yake ni kuyasawazisha makali ya mkubwa wake, au kugongwa kwenye jiwe kutoa cheche. Kukri iliyobaki na watoto wake wa asili ina thamani kuliko iliyowapoteza.

Yapo maumbo mengi. Sirupate ni nyembamba, imeitwa kwa jina la jani la nyasi iitwayo siru. Ile ya Bhojpur, wilaya ya milimani mashariki mwa Nepal yenye sifa ya wahunzi, ina tumbo pana. Za kijeshi hubeba mihuri: herufi, namba, wakati mwingine mwaka. Zilizotoka ghala la serikali ya Nepal mara nyingi zina maandishi ya Devanagari mgongoni. Zenye mpini wa kichwa cha simba cha shaba, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watalii na askari waliotaka ukumbusho wa kurudi nao kwao.

Ukipata kukri kuukuu, usiisugue kwa msasa. Weusi ule wa chuma ni umri wake, na umri haununuliwi tena. Futa vumbi, paka mafuta kidogo, basi.

Linabaki jambo moja ambalo tupa haiwezi kulipima. Wahunzi wa kukri, kwa jadi, ni Wakami, jamii iliyowekwa miongoni mwa zile za chini kabisa katika ngazi ya matabaka ya Kihindu. Sheria ya Nepal ya 1854 iliwaandika miongoni mwa watu ambao maji yaliyoguswa nao hayanyweki. Katika vijiji vingi walilipwa nafaka baada ya mavuno, kwa kutengeneza majembe na visu vya majirani mwaka mzima, lakini hawakukaribishwa kuvuka kizingiti. Sheria ya 1963 iliacha kuutambua ubaguzi huo, na ya 2011 ikaufanya kosa la jinai. Desturi zimechelewa kuifuata sheria.

Sisi husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Huko, aliyekipa kisu ukali wake alisubiri fungu lake uani. Na kisu chenyewe kilipita mlangoni, kikapakwa rangi nyekundu ya ibada siku ya Dashain, kikapelekwa jikoni. Hakuna aliyekikataa, ingawa kila mwenye nyumba alijua kwamba ukali ule umetokana na maji, na maji yale yalimiminwa na mkono gani.