Kurasa Nane za Stephen Cook

Kwa miaka tisa nilikuwa mtunga ratiba wa shule ya sekondari, kazi ambayo kila mwalimu huikimbia. Nyenzo zangu zilikuwa ubao, chaki za rangi na kifutio. Mwalimu wa Fizikia hakupatikana Jumatano, kwa kuwa alifundisha pia shule ya jirani. Mwalimu wa Kemia alikuwa na mtoto mchanga na hakuweza kufika kabla ya saa tatu. Nilipanga na kufuta kwa siku nne. Lakini ratiba ilipobandikwa ukutani, mtoto wa kidato cha kwanza alitosha kusimama mbele yake na kuniambia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, mwalimu wa Jiografia yuko kwetu na yuko kidato cha pili, kipindi kimoja." Dakika mbili zikaiangusha kazi ya siku nne.

Ubao ule ndio ulionifikisha kwa Stephen Cook. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1976 wataalamu watatu, Even, Itai na Shamir, walithibitisha kuwa tatizo la ratiba ya shule, pale walimu wanapokuwa na saa wasizopatikana, ni la jamii ile ile ya matatizo magumu ambayo Cook alikuwa ameifunua miaka mitano kabla. Walimu wote wakiwa huru saa zote, kuipanisha mikondo na walimu kuna njia ya haraka. Kumbe aliyenitesa ni mwalimu wa Fizikia na Jumatano yake!

Basi nikaitafuta makala yenyewe. Ina kurasa nane tu. Cook aliisoma Mei 1971 katika mkutano uliofanyika Shaker Heights, jimbo la Ohio, Marekani. Msomaji anayeiendea akitarajia tarumbeta atavunjika moyo. Kichwa chake kinazungumzia uthibitishaji wa nadharia za hisabati. Herufi P na NP, ambazo leo hata magazeti huzitaja, hazimo kwa maana hiyo. Alizieneza Richard Karp mwaka uliofuata. Kilichomo ni swali la kimantiki. Una sentensi ndefu iliyoungwa kwa "na", "au" na "si": je, ipo namna ya kuzipa sehemu zake ukweli au uongo hata sentensi nzima ikawa kweli? Sehemu zikiwa 30 tu, namna za kujaribu ni 1,073,741,824. Cook alionyesha kwamba tatizo lolote ambalo jibu lake, likishaletwa, hukaguliwa upesi, laweza kugeuzwa kuwa sentensi ya aina hiyo. Anayepata njia ya haraka ya kutegua sentensi hizo amepata njia ya haraka ya kutegua yote, ratiba yangu ikiwamo.

Kama maandishi, nakiri kwamba sioni makala hii ikimsaidia msomaji. Jambo kubwa limewekwa pamoja na madogo kana kwamba yana uzito mmoja, na asiye mwanamantiki angeweza kuipita bila kugeuka. Karp hakuipita. Mwaka 1972 alionyesha matatizo 21 ya kawaida, kama vile kupaka grafu rangi, kufungasha mzigo na kupanga kazi, kuwa ni ndugu wa lile la Cook. Hapo ndipo ulimwengu ulipostuka. Huko Urusi, Leonid Levin aliyafikia mambo hayo hayo kwa njia yake na kuyachapisha mwaka 1973. Yeye naye alikuwa amenyimwa shahada ya udaktari kwa sababu za kisiasa.

Nasema "yeye naye" kwa kuwa sasa nafika kwenye kisa ambacho kila anayemsifu Cook hukisimulia. Alizaliwa Buffalo mwaka 1939, akasoma Michigan, kisha Harvard, alikopata udaktari mwaka 1966 kwa tasnifu juu ya muda mdogo kabisa unaohitajika kukokotoa mambo, kuzidisha namba kukiwa mojawapo. Mwaka huo akaajiriwa na idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1970 idara hiyo ikakataa kumpa ajira ya kudumu. Akahamia Toronto, nchini Kanada, na kabla ya mwaka kwisha vizuri akasoma kurasa zile nane. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Karp, aliyekuwa Berkeley, amesema waziwazi kwamba jambo lile ni aibu isiyofutika kwa chuo chake.

Hadithi hiyo husimuliwa ili tucheke. Mimi sicheki, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni ya haki. Wale walioamua mwaka 1970 hawakuwa na makala ya 1971 mezani. Walakini hawakuwa na meza tupu pia. Ilikuwapo ile tasnifu ya kuzidisha. Alikuwapo mwanafunzi wake Walter Savitch, ambaye nadharia yake kuhusu nafasi inayohitajiwa na mashine katika kumbukumbu yake hufundishwa mpaka leo. Dalili zilikuwapo, ila zilihitaji msomaji anayejua kwamba fani ipo. Nayo fani ilikuwa bado inazaliwa.

Ya pili yahusu nadharia yenyewe. Wasimuliaji wengi huichukua fikra ya Cook wakaigeuza kuwa methali: kutambua kilicho bora ni rahisi, kukitengeneza ndiko kugumu; kwa hiyo asiyekitambua ni mjinga. La hasha! Cook alizungumzia matatizo ambayo kipimo cha jibu kimekubaliwa kabla. Mtoto wa kidato cha kwanza aliikagua ratiba yangu kwa kuwa sote tulijua mwalimu hawezi kuwa mahali pawili. Kwa kazi ya mtu mwenye umri wa miaka 30, katika fani isiyo na jina, nani alikuwa na kipimo hicho?

Nayasema haya nikiwa na deni. Nilipohamia chuo fulani niliketi mara moja katika kamati ya kupandisha watu vyeo. Mbele yetu palikuwa na jalada la kijana wa hisabati mwenye makala mbili tu kwa miaka mitano. Tulihesabu. Mwenzetu mmoja aliuliza kama kuna aliyezisoma. Mwenyekiti akasema muda hautoshi, na mimi, niliyekuwa mwanahisabati peke yangu pale, nikanyamaza. Kura yangu ilikuwa ya kukataa. Kijana aliondoka muhula huo huo. Sidai kwamba alikuwa Cook, na naona kutafuta udhuru katika swali hilo ni unafiki: kosa letu lingekuwa lile lile hata kama makala zake zilikuwa za kawaida.

Ndiyo maana katika maisha ya Cook navutwa zaidi na miaka ambayo wasifuji huiruka. Baada ya umaarufu hakuranda na swali lake akitangaza kwamba yu karibu kulijibu. Aligeukia jambo dogo kwa sura: uthibitisho wa kimantiki waweza kuwa mfupi kiasi gani? Mwaka 1979, pamoja na mwanafunzi wake Robert Reckhow, alionyesha kwamba ikiwa hakuna mfumo wowote unaoweza kuthibitisha kweli zote za kimantiki kwa ufupi, basi swali kubwa limejibiwa. Wakaichunguza kweli ambayo mtoto aijua, kwamba njiwa wakizidi vitundu, kitundu kimoja kitakuwa na wawili. Mwaka 1985 Armin Haken akathibitisha kuwa kwa mfumo mmoja mashuhuri hata kweli hiyo yahitaji maandishi marefu ajabu. Mwaka 2010, umri ukikaribia 71, Cook alichapisha kitabu kizima juu ya misingi ya uchunguzi huo, akishirikiana na Phuong Nguyen. Taasisi ya Clay ilipotoa ahadi ya dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayelijibu swali lake, yeye ndiye aliyeandika maelezo rasmi ya swali. Fedha hizo hazijachukuliwa.

Miaka arobaini hivi, basi, alifanya kazi ambayo kamati ya kuhesabu ingepata shida kuiweka katika jedwali.

Makala mbili za yule kijana ninazo. Nilimwomba karani jalada lile nilipostaafu, naye akanipa nakala. Ya kwanza nimeisoma mara mbili na ni nzuri, haina makuu. Ya pili nimefika ukurasa wa tano. Kuna hatua pale ambayo bado sijaielewa, nami kila Jumamosi asubuhi huirudia, penseli mkononi.