Wakanda ina kimondo, Kilwa ilikuwa na bandari

Black Panther alizaliwa mwaka 1966, kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Tangu hapo Marvel imemrudisha namba 1 mara kadhaa. Mwanzo mpya uliovuma sana ni wa Aprili 2016: maneno ya Ta-Nehisi Coates, michoro ya Brian Stelfreeze. Kama unamjua T'Challa kwa filamu tu, hapa kuna mjadala mzito zaidi.

Tuanze na sifa. Coates anamkutanisha mfalme na raia wake walioasi, kisha anauliza: watu waliouzidi ulimwengu kwa sayansi, mfalme wanamtakia nini? Hoja kali zinatoka kwa mwanafalsafa Changamire, wa chuo kiitwacho Hekima Shule. Mswahili atacheka kidogo, maana sisi tungesema Shule ya Hekima. Lakini angalau chuo kipo, na kinatikisa kiti kuliko mabomu.

Shida ni sayansi yenyewe. Vibranium humeza mtikisiko. Fizikia inauliza: nishati haipotei, sasa inakwenda wapi? Katuni inajibu kwamba inabaki ndani ya madini. Sawa, ni hadithi, tupite. Swali gumu zaidi ni nani alijifunza kuyafua, na aliharibu mangapi kwanza. Kimondo kimeanguka, nchi imejifungia karne nyingi, basi, imewapita wote!

Sasa njoo Kilwa Kisiwani. Jiwe la matumbawe likitoka baharini bichi ni laini, fundi analichonga. Likikauka linakuwa gumu. Matumbawe mengine huchomwa juu ya magogo mpaka kaboni dayoksaidi itoke, na kinachobaki ndiyo chokaa ya kujengea. Hakuna kimondo hapo, kuna mafundi na moto. Na kuna bandari: dhahabu ya Sofala ilipitia, masultani walifua sarafu za shaba, vyombo vya China vinachimbuliwa hadi leo, Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Ujuzi ulikua kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Utasema, mlango huohuo ndio ulioingiza Wareno wakaupora mji mwaka 1505. Kweli. Na kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walibeba mifupa ya dinosaria. Giraffatitan mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu amesimama Berlin. Woga wa Wakanda si upumbavu.

Ila kufunga mlango hakuleti maarifa. Msimamizi wa wachimbaji wa Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya watu wa huku walifukua, wakafunga na kubeba mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi. Kazi waliijua. Walichokosa ni chuo chao na uamuzi juu ya walichokifukua.

Ndiyo maana natamani Coates angekaa zaidi darasani Hekima Shule, na kidogo kwenye mapigano. Katuni isomeni, inastahili. Ila ukifika ukurasa wa mwisho, jiulize: siku vibranium ikiisha, Wakanda itabaki inajua nini?