Kuboronga Sarufi: Ila au Balagha?

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufunzwa kwamba mshairi ana uhuru wake: kufupisha neno, kulirefusha, na kuupindua mpangilio wa maneno. Uhuru huu wa tatu umepewa jina la kuboronga sarufi. Jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu, kwani anayeboronga huharibu. Mtahini naye huridhika akijibiwa kuwa mshairi amefanya hivyo ili kutosheleza vina na mizani. Jibu hilo ni sahihi mara nyingine tu, na kwa kutosheka nalo uhakiki huacha swali lililo kubwa zaidi: neno lililohamishwa limepata nini pale lilipohamia?

Uchukuliwe mfano mwepesi, ulioundwa kwa ajili ya hoja hii: "Chombo changu kimezama." Mizani ni minane, kina ni -ma. Mfano huo ukigeuzwa kuwa "Changu chombo kimezama," mizani haikupungua wala kuzidi, na kina ni kile kile. Arudhi haikudai lolote. Kilichobadilika ni uzito wa maana: vya wengine vyaelea, cha msemaji ndicho kilichozama. Katika "Kimezama chombo changu" msiba hutangulia, na mwenyewe hujulikana mwisho. Lakini "Kimezama changu chombo," katika ubeti ambao kina chake ni -mbo, huenda imeshurutishwa na kina tu. Hivyo mgeuzo ule ule wa "changu chombo" waweza kuwa balagha mahali pamoja na utumwa wa kina mahali pengine.

Kinachouwezesha mgeuzo ni upatanisho wa ngeli. "Wana mama awaita" haimtatizi msikilizaji, kwa kuwa a- yamwonyesha mwitaji na -wa- yawaonyesha waitwao. "Mtoto mama amwita" ni jambo jingine: nomino zote mbili ni za ngeli moja, zote katika umoja, na viambishi haviwezi kuamua nani amwita nani. Hapo, ikiwa utata haukukusudiwa, neno kuboronga lastahili.

Kichomi ya E. Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, mabishano yaliegemea zaidi vina na mizani. Kwa suala hili shairi huru lina faida nyingine: lisilo na kina haliwezi kukisingizia kina. Neno likihama humo, limehama kwa makusudi au kwa uzembe, na ni kazi ya mhakiki kupambanua.

Ingefaa basi swali la mtihani libadilike. Badala ya kutakiwa kutaja mahali sarufi ilipoborongwa, mwanafunzi aurudishe mshororo katika mpangilio wa kawaida, kisha aeleze kilichopotea. Kikipotea kitu, mshairi alikuwa na sababu. Kisipopotea chochote ila kina, alikuwa na dhiki.