Hongera Wapasuaji wa Macho

Bibi wa Karagwe anayeshikwa mkono na mjukuu hadi migombani hajalogwa. Mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji.

Katika ufundi huo simsahau Govindappa Venkataswamy wa India, aliyezaliwa mwaka 1918. Baridi yabisi ilimpinda vidole, naye akajifunza upya kushika kisu cha upasuaji. Alipostaafu serikalini mwaka 1976, umri wa wengine kuhesabu pensheni, alifungua hospitali ya Aravind mjini Madurai kwa vitanda 11. Mwenye nacho alilipa. Asiye nacho alitibiwa bure. Lenzi za bandia za kuwekwa jichoni zilikuwa ghali, hivyo mwaka 1992 wenzake wakaanza kuzitengeneza wenyewe, na bei ikaporomoka. Hadi anafariki mwaka 2006, alikuwa amepasua macho zaidi ya 100,000. Kwa vidole vile!

Pongezi hizi ni za wapasuaji wetu pia. Kutoka Kyerwa, wilaya iliyomegwa Karagwe mwaka 2012, kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ni kulizunguka ziwa, na nauli hiyo wazee wengi hawana. Daktari anayewafuata huko anastahili heshima.

Ndugu msomaji, mzee wako akilalamikia ukungu machoni, usimdondoshee dawa za miti. Mpeleke akapimwe.