Bukoto mbili, jina moja

Kondakta wa teksi (ndivyo matatu zinavyoitwa Kampala) akiita "Bukoto, Kisaasi!" ametaja ngeli mbili kwa pumzi moja: bu- na ki-. Ukishuka Kamwokya unakutana na ka-. Ukipanda Naguru, na-. Anayechunguza asili ya jina la Kiganda huanza hapo, kwa kuambua kiambishi ili mzizi ubaki peke yake.

Bu- haina taabu. Hutaja nchi au eneo: Buganda, Busoga, Bunyoro. Kiswahili kiliidondosha b, tukapata Uganda, na msafiri wa pwani wa zamani angeweza kabisa kuiita Bukoto "Ukoto".

Kazi iko kwenye mzizi, na hapo ndipo hadithi huingilia. Chukua Kampala. Husimuliwa kwamba Waingereza waliona swala wengi, wakakiita kilima kwa jina la impala, kisha Waganda wakatafsiri: akasozi k'empala. Hadithi hiyo siikubali. Kiganda kina empala, Kizulu kina impala, nasi tuna swala pala; neno ni la Kibantu, halikumhitaji Mzungu. Isitoshe, k'empala ingezaa Kempala. Ile a inaonyesha kwamba ka ilikutana na mpala tupu, isiyo na irabu ya mwanzo.

Kololo, jirani wa Bukoto upande wa kusini, ni kisa kingine. Ko- si kiambishi cha Kiganda. Kwa hiyo masimulizi kwamba jina lilitokana na Rwot (yaani chifu) Awich wa Payira, aliyefungwa huko na Waingereza akalia kwa Kiacholi kwamba yu peke yake, angalau hayagombani na sarufi.

Bukoto ina kipimo kikali zaidi. Kuna Bukoto nyingine upande wa Masaka, kubwa kiasi cha kugawanywa majimbo kadhaa ya ubunge. Hadithi yoyote inayolifunga jina hili na mtu au tukio la Kampala pekee lazima ieleze na ile ya Masaka, ikishindwa, itupwe.

Hadithi zikishapimwa hivyo, hubaki ushahidi wa jina lenyewe. Oluf Rygh wa Norway, ambaye vitabu vyake vya majina ya mashamba vilianza kutoka mwaka 1897, alilinganisha maandishi ya kale na matamshi ya wenyeji. Kwetu matamshi yana uzito zaidi, maana tahajia ya Kiganda haionyeshi toni. Mwenye mzee Bukoto, ya huku au ya Masaka, amrekodi mapema akilitamka jina hilo.