Ubeti Ukutani: Nyimbo za Ibada za Kiswahili na Skrini

Vitabu vichache vya Kiswahili vimeshikwa na mikono mingi kama vitabu vya nyimbo za ibada. Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo, Mwimbieni Bwana, na vingine vya namna hiyo, vimetoka kanisani vikaingia majumbani na kuwekwa kando ya Biblia. Na wengi ambao hawakununua diwani ya mashairi maishani mwao wamesoma beti za Kiswahili humo. Sasa, katika makanisa mengi ya mijini, kitabu hufungwa, na maneno ya wimbo huonyeshwa ukutani kwa projekta au katika skrini kubwa iliyotundikwa kando ya madhabahu. Wanaolipinga jambo hili aghalabu hulipinga kwa ajili ya heshima ya ibada. Wanaolisifu hulisifu kwa ajili ya wepesi wake. Lakini lipo swali la tatu, nalo ni la lugha: je, ubeti wa Kiswahili unapohamishwa kutoka ukurasani kwenda ukutani, hufika mzima?

Yafaa kwanza ijulikane kwamba kuwagawia waimbaji maneno kidogo kidogo si jambo geni. Mwongozo wa ibada uliotungwa na Baraza la Westminster, na kukubaliwa na Bunge la Uingereza mwaka 1645, uliagiza kwamba, maadamu watu wengi hawajui kusoma, mchungaji au mtu mwingine afaaye aisome zaburi mstari kwa mstari kabla ya kuimbwa. Agizo hilo lilikuwa la muda tu. Walakini desturi ilidumu hata baada ya watu kujua kusoma, na hadi leo husikika katika visiwa vya Scotland vinavyosema Kigaeli, na kwa baadhi ya Wabaptisti wa milima ya Kentucky huko Marekani. Tena desturi hiyo haikuishia katika kuimba. Iligusa utungaji wenyewe. Isaac Watts, alipochapisha tenzi zake mwaka 1707, alieleza katika dibaji kwamba mara chache aliruhusu kituo katikati ya mstari, na mara chache aliuacha mwisho wa mstari bila kituo, kwa sababu alijua kwamba kila mstari utasomwa peke yake. Chombo cha kuletea maneno kilikuwa kimeunda umbo la ubeti.

Skrini ni mrithi wa desturi hiyo, ila badala ya kulisha masikio hulisha macho. Mwishoni mwa karne ya 19, wahubiri wa Uingereza walikuwa wakionyesha maneno ya nyimbo kwa taa ya kumulika picha za kioo. Katika miaka ya 1970 na 1980, makanisa ya Ulaya na Marekani yalitumia karatasi angavu za plastiki zilizomulikwa kwa mashine. Mwaka 1987 ilitoka programu ya PowerPoint, na tangu hapo slaidi imekuwa ndiyo ukurasa wa ibada katika nchi nyingi, Afrika ya Mashariki ikiwa miongoni mwake.

Pamoja na chombo hicho yamekuja malalamiko yake, na hapo pana haja ya kutahadhari. Huko Ulaya na Marekani lawama kubwa ni kwamba skrini imewanyang'anya waumini nota za muziki: kitabu kilikuwa na sauti nne zilizochorwa, na mtu wa kawaida aliweza kuifuata ya tatu au ya nne kwa macho, skrini humpa maneno matupu. Lawama hii haiwezi kuletwa huku kama ilivyo. Vitabu vinavyotumiwa na waumini wengi wa Kiswahili vimekuwa vya maneno tu tangu zamani, na Tenzi za Rohoni ni mfano ulio dhahiri. Sauti nne zimefundishwa kwaya kwa kukaririshwa, au kwa silabi za do, re, mi, na mkutano umezipokea kwa masikio. Wala si haki kusema kwamba Mswahili hawezi kuimba bila maandishi. Nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika, kama zile alizozikusanya Howard S. Olson wa Makumira katika Tumshangilie Mungu, nyingi husimama juu ya kiongozi na kiitikio, na mwenye kuitikia hana haja ya kusoma. Mapambio nayo huenea kutoka kinywa hadi kinywa. Basi hasara ya skrini kwa Kiswahili, kama ipo, haimo katika nota. Imo katika ubeti.

Washairi wa Kiswahili wameushika ubeti kuwa ndio nyumba ya maana. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, jumla mizani 32. Shairi la kawaida lina mishororo minne ya mizani 16, jumla 64. Na kila ubeti hutazamiwa ujitosheleze, kisha ukabidhi neno kwa ubeti unaofuata. Katika miswada ya zamani ya herufi za Kiarabu, ubeti wa utenzi aghalabu huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vikitengwa kwa alama, hata jicho huuona wote kwa mara moja. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni kitu cha kuimbwa. Naye aliyezieleza sheria hizo alikuwa akieleza pia jinsi pumzi na maana zinavyokwenda pamoja. Kuukata ubeti katikati, basi, ni kuikata pumzi pamoja na maana.

Ndivyo skrini ifanyavyo mara nyingi. Kwa kuwa herufi hazina budi kuwa kubwa ili wa nyuma waone, mpangaji wa slaidi huweka mishororo miwili, pengine mmoja, halafu hugeuza. Katika lugha ambayo kila neno lasimama peke yake huenda madhara yasiwe makubwa. Kiswahili ni lugha ya upatanisho: kitenzi hubeba mbele yake alama ya jina lililotangulia, na jina hilo likifichwa, alama hubaki bila mwenyewe. Tuseme wimbo una ubeti huu, uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu:

Mkono wenye rehema
Ulotutoa shimoni
Ulitupa nguo njema
Ukatuweka mezani

Ukisomwa ukurasani, ubeti huu hauna shida. Mkono ndio ulioweka, nao ndio uliotoa. Sasa mishororo miwili ya kwanza iondoke, na ukutani ibaki miwili ya mwisho. Mwimbaji aonaye "Ulitupa" hana tena jina la kulishikia. Alama ya u- katika Kiswahili ni ya mkono, na ya mti, na ya upendo. Lakini ni ya wewe pia, na katika ibada "wewe" huyo ni Mungu. Hivyo sentensi iliyokuwa ikisimulia habari za mkono imegeuka dua inayomwelekea Mungu moja kwa moja. Si hayo tu. "Ulitupa" yaweza kutoka katika kupa, yaani kutupa sisi, au katika kutupa, yaani kuacha kitu kiende; na mkazo wa sauti hauwezi kusaidia, kwa sababu katika yote mawili huangukia silabi ile ile ya pili kutoka mwisho. Mishororo ya juu ndiyo iliyokuwa ikimwongoza msomaji. Ikiondolewa, nguo njema zaweza kupewa watu, na zaweza kutupwa pia.

Itajibiwa kwamba mwimbaji hukumbuka alichoimba nukta chache nyuma. Kwa wimbo uliozoeleka, ni kweli. Na kwa wimbo huo skrini haina kazi kubwa. Lakini skrini husifiwa hasa kwa kufundisha nyimbo mpya, na mwenye kujifunza maneno, tuni na mapigo kwa wakati mmoja hana nafasi ya kurudi nyuma. Kitabu humruhusu kurudi, kwa sababu mishororo ya juu haijaondoka. Slaidi haimruhusu, na anayeigeuza ni mtu mwingine.

Hasara ya pili ni ya tahajia. Kitabu cha nyimbo hupita mikononi mwa wahariri na wasahihishaji kabla ya kupigwa chapa, na kikikosewa, toleo lifuatalo huweza kurekebisha. Slaidi huandikwa aghalabu jioni ya Jumamosi na kijana anayejitolea, mwenye bidii nyingi na wakati mchache. Hapana sababu ya kumlaumu. Lakini maandishi yake ndiyo yatakayosomwa na mamia kesho yake, kwa herufi za ukubwa wa mkono, na mtoto atakayeyaona ukutani mwa kanisa atayadhani kuwa sahihi. Alama ya ng' huangushwa, na ng'oa ikawa ngoa, yaani neno la kung'olewa likawa neno la wivu. Maneno huambatishwa pasipofaa, kama "kwasababu" na "pekeyake". Tena slaidi nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na hapo tofauti ya Bwana na bwana, na ya Roho na roho, hupotea kwa macho. Kwa kawaida upatanisho huokoa: Roho Mtakatifu hushuka kwa a-, na roho ya mtu huburudika kwa i-. Lakini iwapo kitenzi kimebaki katika slaidi inayofuata, mwokozi huyo amechelewa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi kwa miaka mingi ili Kiswahili kiandikwe kwa namna moja. Si jambo dogo kwamba mahali pa kusomea pa watu wengi sana kila juma hapana mhariri.

Hasara ya tatu ni ya nasaba ya wimbo. Katika kitabu wimbo una namba, na mara nyingi una jina la mtunzi au la mfasiri, au la tuni. Wazee wengi huzijua nyimbo kwa namba zake kama wajuavyo sura za Maandiko. Ukutani namba huondoka, na jina la mtunzi huondoka nalo. Katika Marekani, tangu mwaka 1988, kumekuwa na leseni ya kunakili nyimbo kwa ajili ya makanisa, itolewayo na CCLI, nayo hutaka majina ya watunzi na wenye haki yaonyeshwe pamoja na maneno. Zaidi ya sheria, hilo ni jambo la elimu. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua ni nani aliyetunga pambio fulani, na lini, na kwa lahaja gani, atakuta faili lisilo na jina.

Pamoja na hayo, haki itaka faida za skrini zisemwe wazi. Mikono iliyoshika kitabu sasa yaweza kupiga makofi, na kichwa kilichoinamia ukurasa huinuka, hata sauti hutoka mbele badala ya kuzama kifuani. Mgeni asiye na kitabu haachwi nje. Mwenye macho hafifu, ambaye herufi za kitabu kidogo zilimshinda, huona. Katika mikutano yenye lugha mbili, maneno ya Kiswahili huweza kuwekwa sambamba na ya lugha nyingine, na jirani akamfahamu jirani. Na wimbo uliotungwa juma hili hauhitaji kungoja mpiga chapa. Anayeikataa skrini kwa jumla anayakataa haya pia, na hana budi aeleze kwa nini.

Hukumu iliyo sawa, basi, si kuitoa skrini, bali kuitiisha chini ya sheria ya ubeti. Mpangaji aufanye ubeti mzima kuwa slaidi moja, hata ikibidi herufi zipungue kidogo au skrini iongezwe upana. Na pale ubeti ulipo mrefu mno, aukate penye kituo cha maana, si penye mwisho wa nafasi. Herufi ndogo na kubwa zitumike kila moja mahali pake. Namba ya kitabu na jina la mtunzi viandikwe chini. Mtu mmoja anayejua lugha asome kila slaidi kabla ya Jumapili. Watunzi nao wana la kujifunza kwa Watts: akijua kwamba kila mshororo utasomwa peke yake, mtunzi wa Kiswahili na ajitahidi kulirudia jina panapo shaka, wala asiiachie alama ya u- kazi ambayo haiwezi kuibeba.

Linabaki jambo moja ambalo hakuna mpango wa slaidi uwezao kulitengeneza. Wimbo wa ibada hauimbwi kanisani tu. Huimbwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na katika jumuiya ndogo zikutanapo nyumbani, na makaburini, ambako hakuna ukuta wala umeme. Huko watu huimba waliyo nayo moyoni au kitabuni. Mkutano uliozoea kupewa mishororo miwili miwili na mkono wa mwingine waweza kuimba nyimbo mia kwa mwaka, na usiwe na hata moja iliyo yake kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kipimo cha skrini, kwa hiyo, ni kile kinachobaki baada ya projekta kuzimwa. Ikiwa siku ya mazishi, kaburi likifukiwa, watu wanaweza kuendelea hadi ubeti wa nne pasipo mtu kuwatangulia, skrini imefanya kazi ya mwalimu. Ikiwa sauti zinakufa baada ya ubeti wa kwanza, na waliosimama wanabaki kutazamana, basi kitabu kilifungwa mapema mno.